Tulivyomfukuza Mpangaji

Nafula, mama yangu,

Watu huanza barua kwa kusema natumaini u mzima. Mimi sina haja ya kutumaini. Uko hapo nyuma ya pazia na ninakusikia ukikoroma kama marehemu babu yako, kwa hivyo salamu tumeziruka.

Mambo ya blanketi, ndoo, kufuli ya sanduku na wavulana, mama yako amekwisha kukuambia, na ya wavulana amerudia hadi mimi mwenyewe nimeanza kuwaogopa. Sitaongeza hapo. Ninaandika yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nitaanza kuchekesha katikati, nawe utacheka, na mwishowe tutakuwa hatujasema kitu. Karatasi haipigi makofi. Inanisaidia kutulia.

Na tafadhali, usinisahihishe. Najua kesho unaenda chuoni kuwa mwalimu, lakini mimi niliachia darasa la sita. Si kwamba nilikuwa mjinga. Darasa la saba halikuwa na dawati la kutosha mtu wa kiwango changu.

Lazima nianze na sifa zangu, kwa sababu bila hizo huwezi kupima upumbavu wangu. Mimi nimepika ndani ya treni ya Mombasa, behewa likiyumba huku na sufuria ikiyumba kule, na mchuzi haukumwagika. Nimewapikia Wazungu wanaokwenda kuona simba, Wahindi wasiogusa nyama, na mawaziri wanaogusa kila kitu. Mkuu wa wilaya mmoja alirudisha sahani jikoni ikiwa imeng'aa, mwosha vyombo akadhani haijatumika, akaipanga kabatini. Tulipoachishwa kazi, wenzangu wengi walirudi Bungoma kuhesabu migomba. Mimi nikafungua hoteli hapa Gatina, Nairobi, mabati na viti vya kuazima, na leo fundi wa mjengo anayetoka kazini Lavington anapita harufu za watu wote barabarani akitafuta matumbo yangu.

Sasa mtu kama huyo, binti yake aache kula. Mungu naye ana ucheshi wake.

Ulianza polepole. Kwanza uliacha nyama, halafu ukaacha chochote chenye mafuta, halafu ukawa umekula shuleni ukiwa nyumbani na umekula nyumbani ukiwa shuleni. Ugali ulikuwa unausukumasukuma kwenye sahani mpaka unachora ramani ya Afrika. Ulipomaliza kidato cha nne ulivaa sweta mbili mwezi wa pili, jua lile la kupasua mabati, ukasema una baridi. Na mimi nilikuwa nazidisha vitunguu. Nilifikiri ni suala la vitunguu.

Watu nao unawajua. Miaka hii mtu akikonda hakuna anayeuliza mara ya pili. Sauti inashushwa, na ugonjwa unatajwa kwa macho tu. Yule fundi Okumu, mteja wangu tangu siku ya kwanza, alihama akaenda kula maharagwe mabichi kwa jirani. Nilimkuta huko, nikamuuliza kulikoni.

"Baba Nafula, si mimi," akasema. "Ni bibi yangu. Amesema nisikule kwako mpaka ijulikane."

"Ijulikane nini?"

"Si unajua."

Nilijua. Na badala ya kukuuliza wewe una nini, nilitafuta kifuniko cha sufuria. Kifuniko nilikipata kanisani. Unakumbuka wakati wa ushuhuda, nilisimama na koti langu la reli, nikasema, "Bwana asifiwe. Huyu binti yangu mnayemwona amekonda, amekonda kwa ajili yenu. Amefunga anaombea taifa." Kanisa likalipuka kwa haleluya. Kina mama wakakukumbatia. Kuanzia siku hiyo wakawa wanakuletea shida zao uziombee, huyu mume mlevi, yule mtoto wa kukojoa kitandani, na wewe unaitikia tu, macho yako yakiwa yameingia ndani kama visima. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimenenepa mimi.

Sikudanganya kwa kutojua, mama. Mtu anayeuza chakula anamjua mtu mwenye njaa akiwa bado ng'ambo ya barabara. Nilijua hufungi. Lakini binti mtakatifu alikuwa na heshima, na binti mgonjwa alikuwa na minong'ono, nikachagua. Na nilipochagua, nilikufungia mlango kwa nje. Ungeanzaje kula sasa, wakati kanisa zima linahesabu baraka zake kwa mifupa yako?

Ukaanguka kwenye mfereji wa kuteka maji, mtungi wa maji ukabingirika mpaka kwa Mama Mboga. Mama yako alipiga ukunga ambao naamini ulisikika Bungoma.

Yule daktari kijana hospitalini, kwanza alipima kila kitu, akatuambia ule ugonjwa wa minong'ono huna. Nikaanza kushukuru kwa sauti. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema ugonjwa upo, uko kichwani na uko tumboni, unaua kama mwingine wowote, na hautibiwi kwa kukaripia. Akasema kuna kikundi Kibera, familia hukutana huko kila Jumamosi.

"Daktari," nikamwambia, "mgonjwa hapa ni mmoja. Familia ya nini?"

"Sawa, mzee," akasema. "Wewe msindikize tu."

Alinipata hapo. Mimi ambaye nimewapiga chenga makondakta wa reli.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutembea. Gatina, Dagoretti Kona, Ngong Road, kisha kuteremka Kibera, mimi mbele na sufuria, mama yako na sahani kwenye kikapu, wewe nyuma kabisa kana kwamba hututambui. Ule ukumbi nyuma ya zahanati, karibu na reli hivi kwamba treni ya Kisumu ikipita madirisha yanaimba. Niliona reli nikajiambia, hapa ni kwetu, nitatawala.

Sikutawala. Bi. Wairimu, mshauri wetu, mwanamke mkubwa mwenye sauti ndogo kama ya kifaranga, alitupa sheria zake. Kila familia ilete chakula cha kwao, kile kile kinacholiwa nyumbani. Mzazi apakue. Mtoto ale kilichopakuliwa. Hakuna kubembeleza, hakuna kugomba, hakuna kusifu. Na hakuna anayeinuka mezani mpaka wa mwisho amalize. Tulikuwa sisi, Mzee Mutiso seremala na mwanawe Kioko aliyekuwa mwembamba kama mbao za babake, na Mama Achieng wa Gatwekera, hapo hapo Kibera, anayeuza samaki, pamoja na Achieng, ambaye yeye alikuwa anakula vizuri kisha anaenda nyuma ya nyumba kukitapika chakula.

Siku ya kwanza tulikaa mezani mpaka walinzi wakaja kufunga. Mama yako alikuwa amekaa karibu nawe, mkono wake juu ya meza. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimulia treni yote, kutoka injini hadi behewa la ng'ombe. Kioko akanigeukia kwa adabu kabisa. "Buda, zima redio kidogo, nijaribu kumeza."

Niliona mtoto hana heshima, mzee kama mimi kuitwa redio. Mzee Mutiso hata hakumkemea. Alikuwa anatafuna polepole, kama mtu anayepima.

Ni yeye Mzee Mutiso aliyempa yule adui jina, unakumbuka. Bi. Wairimu alituambia tuache kugombana na watoto wetu, tugombane na kile kinachowazuia kula, na tukipe jina ili tusikosee shabaha. Mimi nilipendekeza Shetani. Mama Achieng akasema Shetani ana kazi nyingi, hawezi kukaa Gatwekera kila siku. Ndipo Mzee Mutiso, aliyekuwa hajasema neno tangu uji wa asubuhi, akasema, "Mpangaji."

Tukamtazama.

"Ameingia chumba kisicho chake," akasema. "Halipi. Na sasa anamfokea mwenye nyumba."

"Na anachagua chakula," Mama Achieng akaongeza, na wewe ukacheka. Nilikuwa nimesahau sauti hiyo. Ilikuwa kicheko kidogo, kimekauka, lakini nilikitambua, ni changu.

Sisi sote tuliokuwa pale ni wapangaji, tunajua mpangaji sugu anavyotolewa. Habomolewi nyumba. Mwenye nyumba huja mchana, watu wakiona, anang'oa mlango, anaondoka nao. Mtu atakaa siku ngapi kwenye chumba kisicho na mlango? Nilisema hivyo kwa kuringa, kama mtaalamu. Bi. Wairimu akaniuliza, "Na mlango wa Nafula ni upi, Baba Nafula?" Nikasema sijui. Nilijua, lakini nilitazama reli.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya kubadilishana. "Leo watoto ni wazazi na wazazi ni watoto," akasema Bi. Wairimu. "Nafula, mlishe baba yako."

Mimi nilifurahi. Katika maisha yangu sijawahi kushindwa na sahani. Wewe ukavaa koti langu la reli, likakufika magotini. Ukashika mwiko, ukanipakulia mlima wa ugali na matumbo juu yake, ukapiga meza kwa kiganja.

"Kula, kijana. Unajua ni nani amepika? Huyu amepikia mawaziri."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Kioko alishika benchi asianguke. "Ni yeye kabisa," akasema. "Mpaka hiyo shingo."

Nikamega tonge. Kabla halijafika mdomoni ukawageukia watu. "Mnaona? Anakula. Niliwaambia mimi. Pigeni makofi." Wakapiga. Nikatafuna. "Hilo ndilo tonge? Hilo ni tonge la ndege. Moshi umenipofusha kwa ajili yako." Nikamega lingine. Ukainama mpaka nikaona jasho kwenye pua yako. "Ongeza. Gatina yote inakuangalia. Unataka waseme nini juu yangu?"

Watu walikuwa bado wanacheka. Wewe hukuwa unacheka. Ukasema tena, sauti ya chini, "Unataka waseme nini juu yangu?"

Tonge lilikuwa mdomoni. Ugali wangu mwenyewe, mkono wangu mwenyewe, na koo likakataa. Sikuwa naigiza, Nafula. Koo lilijifunga kama duka la Mhindi siku ya ghasia. Treni ikapita wakati huo, madirisha yakaimba, nami nikakaa pale mashavu yamejaa kama panya, nikishukuru kwa zile kelele. Ilipokwisha kupita nikatema kwenye leso.

"Ulionaje, kijana?" Bi. Wairimu akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. "Nilipokaa nilikuwa na njaa."

Nimepata somo moja tu maishani ambalo sikulijua tayari, na nilifundishwa na msichana aliyevaa koti langu. Nilidhani nakulisha. Kumbe nilikuwa najipakulia mimi.

Tukitembea kurudi nyumbani, hapo Dagoretti Kona, nilikuuliza kama ninaweza kwenda kung'oa mlango. Mara ile ya kwanza sikukuuliza, nilikutangaza tu kama bei ya nyama. Safari hii niliuliza. Tulipoingia Naivasha Road ukasema, "Sawa. Lakini usichekeshe."

Unajua lilivyonigharimu hilo sharti. Nilisimama mbele ya kanisa lile lile, bila koti, nikasema, "Bwana asifiwe. Niliwaambia binti yangu amefunga. Niliwadanganya. Ni mgonjwa, na si ugonjwa mnaoutaja kwa macho. Anashindwa kula, na mimi mpishi ndiye niliyemfunika. Msimletee shida zenu za kuombea. Mkimkuta anakula, msimtazame." Nikakaa. Hakuna haleluya hata moja. Mchungaji alikohoa, akatangaza wimbo. Mama yako alinishika mkono, na unajua mama yako hanishiki mkono hadharani tangu harusi, na hata siku ile alilazimishwa na mpiga picha.

Jumatatu, bibi ya Okumu aliingia hotelini mwenyewe. Akakaa, akaagiza matumbo, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole. Akasema chumvi ilipungua. Ulikuwa uongo, lakini nilimsamehe kwa sababu ya ile safari yake ya kutoka mlangoni mpaka kitini, wateja wote wakimwangalia.

Usiwahi kumwambia mtu kwamba baada ya hapo mambo yalipanda tu. Uliwahi kuficha chapati ndani ya mkono wa sweta, mafuta yakakusaliti. Uliwahi kunitupia githeri, mahindi na maharagwe yake yote, ukanilenga vizuri sana, nikasikia fahari kidogo. Kuna siku mama yako aliacha kazi yake ya kufulia watu akakaa nawe mezani tangu uji mpaka jioni, na kila ulipomwambia "nakuchukia" alijibu, "Si wewe, ni Mpangaji. Mwambie hata mimi simpendi." Mama yako hana hadithi hata moja ya treni. Yeye ndiye aliyeshinda vita hivi. Mimi nilikuwa bendi.

Lakini niliona ushindi kwa macho yangu, na nitausimulia mpaka wanizike. Mwanzoni mimi na mama yako ndio tulioshika mwiko. Bi. Wairimu alisema siku zikija tutaurudisha kidogo kidogo. Siku niliyokupa mwiko, pale ukumbini, uliupokea, ukajipakulia. Kidogo. Mzee Mutiso akatazama sahani yake tu. Mama Achieng akatazama samaki wake. Mimi nikatazama paa, nikahesabu misumari, ulimi wangu nimeuuma. Halafu nikasikia mwiko unagonga sufuria mara ya pili. Ulikuwa umejiongeza.

Sikusema kitu. Mimi, Barasa wa reli, sikusema kitu. Ukitafuta muujiza kwenye barua hii, ni huo.

Sasa unaenda Eldoret, kwenye bwalo la watu mia kadhaa ambao hawajui Mpangaji ni nani. Hilo ndilo limenikosesha raha tangu barua ya chuo ije. Nani atakaa karibu nawe? Nilifikiria kuja kuomba kazi jikoni kwenu. Usicheke, nilikwisha kutafuta aproni. Mama yako akaniambia, "Baba Nafula, ukienda, Mpangaji atakuwa wewe." Nikarudisha aproni.

Kwa hivyo sikupi sheria, nakupa ninayojua mimi kuhusu wapangaji. Atarudi kubisha. Anaijua nyumba, anajua dirisha lipi halifungi. Atakuja wakati wa mitihani, au kijana fulani akikuvunja moyo, huyo kijana naomba jina lake. Akija, usimjibu ukiwa peke yako. Mimi niliona tulivyokuwa wajinga kila familia nyumbani kwake, na tulivyokuwa jeshi kwenye ile meza. Tafuta mtu mmoja wa kukaa naye mezani. Asiwe mwongeaji kama mimi, tafuta aina ya Mutiso. Mwambie ukweli mapema, mchana, mlango ukiwa wazi. Na siku ukishindwa, shindwa mbele yake. Sisi tulishindwa mbele ya watu Jumamosi nyingi na hakuna aliyekufa.

Na ukirudi likizo umekonda kidogo, nitaona. Nitauliza mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu nitanyamaza nisubiri. Nimejifunza. Nikisahau, niambie nizime redio.

Namalizia na ya leo jioni, ambayo huijui.

Ulifurahi kuwaona wote wametembea kutoka Kibera kuja kukuaga. Kioko siku hizi ana mashavu, yule Achieng anacheka na mdomo wote. Tulijibana chumba kizima, wengine kitandani, Mzee Mutiso juu ya ndoo. Kuku yule nilimpika mwenyewe, sitamsifu, kuku mwenyewe alijieleza. Nikaanza ile hadithi ya askofu na behewa la daraja la kwanza, mkanikatiza, Kioko akasema imeongezeka tangu mara ya mwisho, wewe ukasema askofu alikuwa padri wakati unazaliwa. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ulipotoka kuwasindikiza, nikamwambia mama yako apumzike, nitaosha vyombo. Alishangaa, lakini hakupinga. Ukweli ni kwamba nilitaka kuiangalia sahani yako. Ni mazoea ya siku nyingi. Niketi na karai, nitafute iliyo yako, nione ulichobakisha, nijue nilale vipi.

Nikaziinua moja moja. Zote zilikuwa na mifupa iliyotafunwa na mchuzi uliofutwa kwa ugali. Nikazirudia tena tangu mwanzo, taratibu, karibu na taa.

Nafula, sikuweza kujua yako ni ipi. Na nilipojaribu kukumbuka ulikula vipi, niligundua kwamba muda wote wa hadithi ile sikuwahi kuitazama sahani yako. Nilisahau. Mimi na wewe tulikuwa tunakula tu.

Nikazisuuza zote pamoja.

Nenda, mama. Wewe una jina la mama yangu, na yeye alikuwa akimaliza kula anageuza bakuli juu chini, kuonyesha hadaiwi na mtu.

Ni mimi mpishi wako uliyeninyamazisha,
Baba